Kabla ya kulipa, uliza gramu

Agosti 9, 2022 Wakenya walipiga kura, lakini wapigakura wa Mombasa na Kakamega walirudi nyumbani bila kumchagua gavana. Walisubiri hadi tarehe 29. Hapakuwa na fujo wala mafuriko: karatasi za kura za ugavana, zilizochapwa Ugiriki, zilikutwa na picha na maelezo ya wagombea yaliyokosewa, ikabidi tume ya uchaguzi iahirishe.

Makosa ya aina hiyo ndiyo yanayowindwa na prufu, nakala ya mfano ambayo mchapaji humpa mteja aipitie na kuisaini kabla mashine haijawashwa. Kwa bahati mbaya, wateja wengi huisaini prufu huku wakisifia maua. Kamati ya harusi hufurahia rangi ya dhahabu, isigundue kwamba namba ya simu ya mweka hazina imekosewa tarakimu moja. Kadi 300 zinasambazwa, watu wanatuma michango, na kuna mtu asiyejulikana na bibi harusi wala bwana harusi anayepokea pesa siku nzima akimshukuru Mungu. Kurudi kwa mchapaji hakusaidii. Atatoa ile prufu kwenye droo na kuonyesha saini.

Hata hivyo, lawama zote zisibebeshwe mteja. Wachapaji wa Kariakoo na River Road wanaijua lugha ya kazi yao vizuri, ila ankara kifani wanazotoa huwa na mstari mmoja tu: kadi 300, fulu kala, bei hii. Karatasi ya uzito gani, mashine ipi, prufu ipo au haipo, hakuna kilichoandikwa. Palipo na ukimya huo ndipo pesa ya mteja inapopotelea.

Chukua gramu. Fundi akisema karatasi ni ya gramu 80, anataja uzito wa mita moja ya mraba. Vipimo vya karatasi tunavyotumia, vilivyoanzia Ujerumani mwaka 1922, vilipangwa kwa akili: A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na ukiikunja nusu mara nne unapata A4. Kwa hiyo A4 ni sehemu ya 16 ya A0, na ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Rimu ya karatasi 500 inapaswa kuwa na takriban kilo 2.5. Ile ya gramu 70 haifiki kilo 2.2. Mhasibu wa shule akiazima mizani ya muuza mchele, atajua kwa dakika moja kama alichouziwa ndicho alicholipia. Kwenye kadi tofauti huonekana bila mizani: ya gramu 300 husimama mezani, ya gramu 200 hulegea mkononi.

Halafu kuna swali la ofseti au dijitali, ambalo ndilo linaloamua bei. Ofseti huhitaji pleti, yaani mabamba ya kuchapia, na kazi ya rangi kamili huhitaji pleti nne: ya samawati, ya waridi iliyokolea, ya njano na ya nyeusi. Gharama ya pleti haibadiliki hata ukichapa nakala 100 au 5,000. Ndiyo maana nakala chache kwa ofseti huumiza mfuko, na nakala nyingi kwa dijitali huumiza zaidi, kwa kuwa dijitali haina pleti lakini kila nakala hulipiwa karibu sawa na ya kwanza. Mchapaji mwenye mashine moja tu atakushauri utumie hiyohiyo. Muulize.

Nembo iliyotumwa kwa WhatsApp ni balaa lingine. Picha ikitumwa kawaida hupunguzwa, wakati kuchapa vizuri kwa upana wa sentimita 10 kunahitaji nukta kama 1,180. Na ile buluu inayowaka kwenye simu ni mwanga. Wino haung'ai hivyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Katibu wa SACCOS anayeagiza ripoti ya kurasa 30 iliyobanwa kwa pini katikati naye ajue kwamba karatasi ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4. Atapata 32, na zile mbili tupu amezilipia. Bora atafute cha kuziwekea.

Wachapaji hujitetea kwamba mteja hataki maelezo, anataka bei. Wengi ni kweli wako hivyo. Lakini kuongeza kwenye ankara uzito wa karatasi, aina ya mashine, idadi ya rangi na tarehe ya prufu ni mistari minne tu. Kwa ankara hiyo mteja anaweza kwenda duka la pili na la tatu akaulizia bei ya kazi ileile, badala ya kufananisha kadi ya gramu 300 na ya gramu 200 kwa sababu zote zimeandikwa fulu kala.