CHOKI YA TAA SI KITU CHA KUCHEZEA

Juzi taa ya tyubu ofisini kwetu parokiani ilimeta-meta bila kuwaka sawasawa. Kijana mmoja akapanda mezani na mita, apime ampea umeme ungali ukipita. Nikamwambia, "Shuka kwanza, mdogo wangu." Mita zimeenea vijijini siku hizi, basi yafaa nawe ujue sababu.

Ndani ya taa hizo mna choki, yaani waya mrefu uliozungushwa juu ya chuma. Kazi yake ni kuzuia umeme usipite mwingi mno katika tyubu. Lakini umeme wake ukikatwa ghafula, choki hurusha mamia ya volti. Stata huiwasha tyubu kwa njia hiyo hiyo. Ukiachanisha waya ili uingize mita, pigo hilo laweza kukupata wewe.

Kwanza, ijaribu mita kwenye soketi yenye umeme, kisha zima swichi kuu. Usiitegemee swichi ya ukutani. Pengine fundi aliifunga kwenye waya usio wa moto. Pima tena kwenye taa uhakikishe umeme haupo.

Pili, volti. Funga vibanio vya mita mahali umeme unapoingia katika taa, shuka, ndipo mwenzio awashe. Utaona kama volti 230. Angalia sana nyaya za mita zisiwe kwenye tundu la ampea, kwani mita yaweza kulipuka mkononi.

Tatu, ampea. Tumia mita ya kubana, isiyohitaji kukata waya. Ibane, umeme ukiwa umezimwa, kwenye waya mmoja tu utokao kwenye choki. Tyubu ya futi 4 yenye wati 36, ikisha kuwaka, huonyesha kama ampea 0.43. Zikizidi sana, choki imeharibika ndani. Itapata moto mno, nayo yaweza kuunguza dari.

Choki nyepesi za kisasa, zisizo na chuma kizito, usizifungue. Hata umeme ukizimwa, ndani zaweza kubaki volti zaidi ya 300. Tena mita ya kawaida hudanganya kwenye tyubu zake.

Sisi tulizima umeme, tukabadili stata, taa ikawaka. Tulipopima, choki ilikuwa nzima. Nawe ukikosa mita ya kubana, au mwenzio wa kusimama penye swichi, mngoje fundi. Usiku mmoja wa kibatari si hasara.