Tubadilishe Tu, Tuone

Kuna sentensi moja ambayo ningekuwa na mamlaka ningeipiga marufuku katika gereji zote za Dar es Salaam, halafu ningehamia vyuoni: "Tubadilishe tu hiki, tuone."

Nimeisikia mara nne ndani ya miezi miwili, kutoka kwa mafundi watatu, nikiwa nimesimama pembeni ya Peugeot 504 ya mwaka 1979 aliyoiacha baba yangu. Kila iliposemwa ilikuwa na bei. Plagi, platini na kondensa. Pampu ya mafuta. Koili. Mwisho kabureta nzima, mtumba, kutoka Gerezani, Kariakoo. Jumla shilingi 385,000, na hazikuwa zangu. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo. Anapika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa ofisi mbili, akataka masufuria yapande gari la nyumbani badala ya bajaji ya kukodi. Kazi ya kulifufua akanipa mimi, msomi wa familia.

Hitilafu ya mwanzo ilikuwa ya kawaida. Asubuhi liliwaka kwa kubembelezwa, na kwenye foleni, ukiinua tu mguu kwenye mafuta, linazima. Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika, akatamka ile sentensi, akaniandikia orodha. Tulipofunga plagi, platini na kondensa mpya, asubuhi likawaka mara moja. Tukamshukuru. Lakini kwenye foleni liliendelea kuzima, na siku tatu baadaye likazua jipya: likitembea kama dakika 25 na kupata joto, linakata moto katikati ya barabara na haliwaki tena mpaka lipoe. Mara ya kwanza ilikuwa Afrikana, saa sita mchana, wali na maharage ya watu viko nyuma, makonda wa daladala wakinitukania ukoo.

Na sitaki kuambiwa kwamba gari la zamani ndivyo lilivyo. 504 ilitoka mwaka 1968. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, na Wakenya na Wanigeria waliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000. Haina kompyuta ya kuuliza. Maadamu pistoni bado zinagandamiza, inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa, na cheche kwa wakati wake. Ikizima, kimojawapo kimekosekana, na kujua ni kipi huchukua dakika mbili, bure. Unafungua chujio la hewa, unachungulia koo la kabureta na kuvuta waya wa mafuta kwa mkono: petroli ikiruka ndani, mafuta yapo. Kisha unarudisha kifuniko, unachomoa kwenye distributa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, unaushika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, ncha yake kama nusu sentimita kutoka kwenye chuma cha injini (mbali na kabureta, tafadhali), mwenzako anapiga stata. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Ikiwa nyembamba, ya njano, au hakuna kabisa, tatizo ni moto.

Hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyefanya hivyo. Pampu ilibadilishwa kwa sababu fundi wa pili alikuwa na hisia kuhusu pampu. Na kila jibu la kuhusu gari langu aliambiwa mpita njia wa kiume aliyesimama karibu.

Nilianza makala hii ili niwatukane mafundi. Imenishinda, maana kuna jambo nimelificha. Kabla ya wote hao nilikwenda kwa fundi mmoja Tegeta. Alitaka 20,000 za kupima.

"Ukikuta nini?" nikamwuliza.

"Sijui. Ndiyo maana napima, dada."

"Na usipobadilisha kitu?"

"Bado ni 20,000."

Nilicheka, nikaondoka. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, ambaye sura nzima ya tasnifu yangu ni mbinu za utafiti, na ambaye hudai posho ya kukusanya data kabla sijajua data itasema nini.

Kubahatisha kwa fedha ya mwenzako ni wizi, hata kama anayebahatisha ana roho nzuri. Lakini nani amewafundisha? Fundi akikaa saa nzima na taa ya kupimia, akagundua waya uliolegea na kuukaza, tunamwambia: "Hujaweka kitu, unanidai nini?" Akikufungia koili usiyoihitaji unamlipa, na soda juu. Tunalipa spea, kufikiri tunataka kwa bure. Halafu tunashangaa kwamba hakuna anayefikiri. Chuoni ni hivyo hivyo: kozi ikifelisha watu, inabadilishwa jina, kitabu na mhadhiri, na hakuna aliyekaa darasani wiki moja kuona wanafunzi wanakwama wapi. Hilo halina bajeti.

Wiki ya tisa nilirudi Tegeta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja na ile 20,000?"

Akaniuliza kuzima kwa joto kulianza lini, na kabla ya hapo tuligusa nini. Nikasema hatukuharibu kitu, tuliweka vipya tu. "Kipya na kizima ni vitu viwili," akasema, akaliacha lingurume mpaka likafa. Dhana yake ya kwanza ilikuwa pampu, ile mpya. Petroli ikaruka kwenye koo la kabureta, akaiacha pampu. Alikosea, na kosa lake halikunigharimu hata shilingi. Akaenda kwenye cheche: nyembamba, ya njano. Akafungua distributa. Platini za miezi miwili zilikuwa zimeungua, upande mmoja umeota kichuguu.

Kondensa. Kila platini zinapoachana, umeme hutaka kuruka katikati yake. Kondensa huumeza mruko huo ili mkondo ukatike ghafla, na ni mkatiko huo wa ghafla unaoifanya koili itoe maelfu ya volti. Yetu ilikuwa mpya, ya bei rahisi, na ikipata joto ilikuwa inakufa. Ugonjwa tuliokuwa tukiufukuza tuliufunga wenyewe, kwa risiti.

Ile ya zamani ilikuwa nyumbani. Mama haondoki gereji bila kudai spea kuukuu, huziweka kwenye kopo la Blue Band. Fundi akaifunga, akasugua platini kwa msasa, akaziweka sawa, tukaenda Bunju na kurudi bila kuzima. Kuhusu ule uzimaji wa foleni, aliminya kwa koleo mpira wa hewa uendao kwenye sevo ya breki, na injini ikatulia hapo hapo. Mpira ulikuwa umepasuka, ukivuta hewa isiyohitajika tangu siku ya kwanza. Tulinunua kipande kipya.

Nilimpa 20,000 yake na bei ya mpira. Kabureta ya Baba haipo. Fundi wa tatu aliniambia ni chuma chakavu, na siku hiyo sikuwa na Mama.

Mama ameandika deni langu nyuma ya daftari la mchezo, kwa majina matatu, kama mwanachama mwingine yeyote. Nimelipa 60,000. Mwezi huu posho imechelewa.