Kutoka Goodison hadi Wembley: Safari za Bradley na swali kwa viwanja vyetu

Julai 13, 2017, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Wayne Rooney, siku chache tu baada ya kurudi Everton, anapiga shuti la mbali na mpira unamshinda kipa wa Gor Mahia. Mechi inaisha 2-1. Ukiwauliza watu leo, watakutajia goli lile na yule shabiki aliyeruka uzio akaenda kumkumbatia Rooney.

Wengi hatukujua kwamba Everton ile ilitua Dar ikiwa na msiba. Julai 7, mtoto wa miaka sita aitwaye Bradley Lowery alifariki dunia kwa saratani. Alizikwa siku moja baada ya mechi ya Taifa. Na wala hakuwa shabiki wa Everton. Alikuwa Sunderland damu.

Stori yake imesimuliwa sana na kila mwaka klipu zake zinarudi mitandaoni. Leo nataka tuiangalie kwa jicho jingine. Mzazi anapomchukua mtoto mgonjwa na kumpeleka kwenye mechi moja baada ya nyingine ili watu waujue ugonjwa wake, anapata nini hasa? Na sisi tunaojaza Uwanja wa Mkapa tunaweza kujifunza nini hapo?

Ilivyoanza

Bradley alitoka Blackhall Colliery, kijiji cha pwani kaskazini mashariki mwa England. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, mwaka 2013, alipogundulika kuwa na neuroblastoma. Hii ni saratani inayoanzia kwenye chembe changa za neva, mara nyingi juu ya figo, na huwapata zaidi watoto wadogo. Alitibiwa, akapata nafuu, lakini mwaka 2016 ikarudi.

Familia ikaanza kuchangisha fedha ili apelekwe New York kwa matibabu ambayo hayakuwa kwenye utaratibu wa kawaida wa hospitali za umma za Uingereza. Hebu tulia hapo kidogo. Hii ni nchi ambayo mgonjwa hatoi hela mlangoni mwa hospitali, na bado mzazi alilazimika kupitisha kopo. Wale wanaodhani harambee za matibabu ni mambo ya kwetu tu, hapo wana la kufikiria.

Septemba 2016 Everton ilikwenda kucheza Sunderland na ikatangaza mchango wa pauni 200,000. Ilishinda mechi 3-0, Lukaku akapiga hat-trick, lakini habari iliyovuka mipaka ni ya ule mchango. Jumla ya fedha ilipita pauni 700,000.

Kisha, Desemba, madaktari wakaiambia familia kwamba hakuna tena cha kuiponya saratani ile.

Sasa angalia kilichofuata. Fedha zilikuwepo, tiba haikuwepo, ila safari za viwanjani hazikukoma. Desemba 14, kabla ya mechi ya Sunderland na Chelsea, Bradley alipiga penalti na kipa Asmir Begovic akairuhusu iingie. Kipindi cha Match of the Day cha BBC kikampa Goli la Mwezi, akigawana na Henrikh Mkhitaryan kwa lile goli la nge la Manchester United. (Mkhitaryan naye aliwafunga hao hao Sunderland. Mwezi mgumu kwelikweli kwa timu ile.)

Januari na Februari 2017 akawa Goodison Park, akitoka na wachezaji wa Everton. Machi 26 akawa Wembley, akamwongoza Jermain Defoe kuingia uwanjani kwenye mechi ya England na Lithuania. Defoe akafunga. Wakati wa Krismasi alikuwa ameshapokea kadi 250,000 kutoka kila kona ya dunia.

Kuna watu waliolalamika kimyakimya kwamba mtoto anachoshwa. Mimi siwezi kumhukumu mzazi. Ukiitazama ile picha amelala kifuani kwa Defoe, huoni mtoto anayeburuzwa.

Macho ya watu yana gharama

Ila kuna bei. Sura ya mtoto ikishaingia uwanjani, huna uwezo wa kuirudisha nyumbani. Septemba 2023, miaka sita baada ya kifo chake, shabiki mmoja kwenye mechi ya Sheffield Wednesday na Sunderland alinyanyua picha ya Bradley kwenye simu huku akicheka, kuwazodoa wapinzani. Alifikishwa mahakamani, akapewa kifungo cha nje na kufungiwa kwenda viwanjani miaka mitano. Mashabiki wenzake wa Sheffield wakachanga maelfu ya pauni kwa taasisi inayobeba jina la mtoto huyo. Nafikiri hao wa pili ndio wengi zaidi, lakini mama yake ilibidi aione picha ile kwanza.

Gharama nyingine inaangukia watoto ambao hakuna aliyewaona. Kwa kila anayepata Defoe wake, kuna wodi nzima ya watoto wasio na straika. Anayetrendi anapata milioni, aliyelala kitanda cha pili anapata pole. Sisi tunaoandika habari tunalijua hili vizuri, maana ndio tunaochagua picha ipi iende juu. Familia ya Bradley ililiona pia. Baada ya kifo chake ilianzisha Bradley Lowery Foundation, ambayo inasaidia familia nyingine kuchangisha fedha za matibabu ya watoto wao.

Kwetu tatizo si lile lile

Hapa ndipo naona wengi tunateleza. Tukiiga stori ya Bradley tunaiga kopo la mchango. Unajua zile jumbe za magrupu ya WhatsApp: picha ya mtoto, namba ya simu, "chochote ulichonacho". Mchango ni mzuri, na kuna magonjwa ambayo bila huo mchango mtu hatoki. Lakini kwa saratani za watoto Tanzania, pengo kubwa liko mapema zaidi.

Muhimbili, kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha, inawatibu watoto wenye saratani bila kuwatoza. Bugando, Mwanza, nako wanatibiwa. Kwa hiyo mzazi mwingi hakwamishwi na bei ya dawa. Anakwamishwa na kutojua kwamba kile anachokiona kwa mwanawe ni saratani, na kwamba kinatibika. Miezi inaishia kwenye dawa za minyoo, dawa za malaria, dawa za meno, mganga, halafu nauli. Anafika hospitali kubwa uvimbe umeshasambaa.

Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zinawaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, wakati nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati haziwafikishi hata asilimia 30. Kuchelewa kugundua ni moja ya sababu inazozitaja, pamoja na wazazi kukatisha matibabu njiani.

Chukua Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Ipo sana ukanda wetu. Mtoto anavimba taya, watu wanasema ni jino. Uvimbe ule unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, lakini akifikishwa mapema unaitikia dawa vizuri. Au saratani ya jicho: unampiga mtoto picha usiku kwa flashi, jicho moja linatoka jekundu kama kawaida, jingine linatoka jeupe kama la paka. Kila mtu ana simu siku hizi. Ni wangapi wanajua kwamba picha ile ni sababu ya kumpeleka mtoto hospitali kesho yake asubuhi?

Ongeza tumbo linalovimba upande mmoja, homa zisizoisha na michubuko isiyo na sababu. Zinaweza kuwa kitu kingine kabisa, ndiyo. Daktari ndiye aseme hivyo, sio jirani.

Orodha hiyo inasomwa kwa sekunde 30. Mapumziko ya mechi ni dakika 15.

Klabu zetu haziko mbali na jambo hili. Wiki ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi tumezoea kuona mashabiki wakichangia damu na viongozi wakitembelea wagonjwa wodini na zawadi. Sina neno baya juu ya hilo, na damu ni kitu kikubwa. Ila ziara ya wodini inawakuta watoto ambao tayari wamefika. Yule ambaye hajafika yuko nyumbani, na baba yake yuko jukwaani amevaa jezi.

Na tofauti na familia ya Bradley, hapa hatuhitaji kumpandisha mtoto mgonjwa kwenye basi ili azunguke na ujumbe. Hatuhitaji hata sura yake. Ligi yenyewe inasafiri. Yanga wakienda Kigoma kucheza na Mashujaa, Uwanja wa Lake Tanganyika unajaa watu ambao kutoka kwao hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000. Simba walipokuwa wakienda Kaitaba, Bukoba nzima ilikuwa inasimama. Kipaza sauti kipo, mtangazaji yupo, na watu wameshalipa kiingilio.

Mechi ijayo mkoani kwako, sikiliza mapumziko yanatangaza nini. Mara ya mwisho nilipokwenda mimi, ilikuwa bahati nasibu, soda, na namba ya gari lililoziba njia.