Nzi hupigwa kwa kalenda, si kwa mkebe wa dawa

Jumamosi moja nilimkuta jirani yangu, mama wa watoto watatu, amefunga mlango na madirisha ya nyumba yake ya chumba kimoja. Yeye na wanawe walikuwa wamesimama nje wakisubiri. Ndani alikuwa amepuliza mkebe mzima wa dawa ya kuua wadudu. Baada ya nusu saa alifungua, akafagia nzi waliokufa wakajaa kizoleo, akafurahi kama aliyeshinda vita. Nilipopita kwake Jumamosi iliyofuata, nzi walikuwa wametanda mezani kana kwamba hakuna hata mmoja aliyekufa. Hatua thelathini kutoka mlangoni pake, jaa la taka la ploti nzima lilikuwa na wiki tatu bila kuzolewa.

Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Walijua kwamba nzi hajali hatari mradi amekifikia anachokipenda. Nasi tukishajua anachokipenda, tumejua pa kumpigia. Lakini katika mitaa yetu, kuanzia Mathare hadi Likoni, tunatumia pesa kumwua nzi aliyekwisha kukua na kumwacha yule anayekua. Maoni yangu ni kwamba tunashindwa vitani kwa sababu hatumjui adui. Hatujui ni nani, huzaa wapi, na huchukua siku ngapi kukua.

Tuanze na swali dogo. Je, msomaji, nzi ni mdudu gani? Wengi watajibu kwamba ni mdudu yeyote mdogo anayeruka na kusumbua watu. La hasha. Wataalamu wa wadudu wana kigezo chepesi: hesabu mabawa. Nyuki ana manne, kipepeo manne, kereng'ende manne, kumbikumbi manne. Nzi wa kweli ana mawili tu. Yale mawili ya nyuma yamegeuka kuwa virungu vidogo vinavyomsaidia kusawazisha mwili angani. Ndiyo maana hugeuka ghafla unapojaribu kumpiga kofi, ukabaki umejipiga mwenyewe. Kundi hili lote huitwa Diptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa mawili, na aina zake zilizokwisha kuelezwa na wataalamu zinazidi 120,000.

Ukishika kigezo hicho utagundua mambo mawili. La kwanza, mbu naye ni wa kundi la nzi. Kwa desturi wataalamu wamewagawa jamaa hawa mafungu mawili: wenye vipapasio virefu na miili myembamba, kama mbu na usubi, na wenye vipapasio vifupi na miili iliyojaa, kama nzi wa nyumbani na mbung'o.

La pili, yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi tunayemwita nzi wa Nairobi si nzi hata kidogo. Yeye ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake imo mwilini, na hutoka pale unapomponda juu ya ngozi. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilipomleta kwa wingi, watu wengi walipata malengelenge ya shingo na uso kwa kumpiga kofi kama wafanyavyo kwa mbu. Aliyemjua alimpuliza aondoke, kisha akaosha ngozi kwa maji na sabuni, mambo yakaishia hapo. Jina lisilo lake ndilo lililowaponza wengine.

Sasa tumtazame nzi wa nyumbani. Huyu hana meno, hawezi kutafuna. Anapotua juu ya andazi hutema mate pamoja na sehemu ya alichokula awali ili kulilainisha, kisha hufyonza. Mara nyingi huacha na kinyesi papo hapo. Huonja kwa miguu yake, na miguu hiyo ina vinyweleo vinavyonasa uchafu wa kila mahali alipotua. Ikiwa alitoka chooni, basi amekuletea choo mezani. Kwa njia hiyo anaweza kubeba viini vya kuhara, kuhara damu, kipindupindu na homa ya matumbo. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, ambaye kuhara kwa siku mbili tatu kunaweza kummaliza maji mwilini.

Fuata hesabu yake. Jike hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, na maishani mwake anaweza kufikisha mayai 500. Huyataga katika taka laini zinazooza: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, matumbo ya samaki, samadi. Mayai huanguliwa katika muda usiozidi siku moja. Mabuu hula na kunenepa, kisha huhamia mahali pakavu pembeni mwa taka au udongoni, ambako hujifunga na kugeuka nzi. Kwenye joto kama la Mombasa au Kisumu, safari yote kutoka yai hadi nzi anayeruka huchukua siku 7 hadi 10. Nairobi kukiwa na baridi huchukua muda zaidi.

Hapo ndipo penye siri ya jirani yangu. Dawa yake iliwaua nzi wa Jumamosi. Nzi wa Jumamosi iliyofuata walikuwa bado mabuu jaani, ambako dawa haikufika. Taka zinazozolewa kila baada ya siku tatu au nne huondoka na mabuu yakiwa ndani. Taka zinazokaa wiki mbili au tatu ni kiwanda cha nzi, na gari likija hatimaye, huondoa maganda matupu.

Nzi wa mijini hatoki jaani peke yake. Vyoo vya shimo navyo hutoa nzi wengi, na hapa pia maarifa yameshinda dawa. Mwaka wa 1975, nchini Zimbabwe, iliyoitwa Rhodesia wakati huo, vyoo viwili vya shimo vililinganishwa. Kimoja kilikuwa na bomba la kutolea hewa na kingine hakikuwa nalo. Katika siku 78, nzi 13,953 walinaswa katika choo kisichokuwa na bomba. Katika kile chenye bomba walikuwa 146 tu. Kisa? Upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi wa nje huifuata harufu hiyo hadi kwenye mdomo wa bomba, akakuta wavu wa waya. Nzi wa ndani, ambaye hupenda kuelekea kwenye mwanga, hupanda bomba akidhani ametoka, akazuiwa na wavu uo huo na kufia humo. Sharti choo chenyewe kiwe na kiza ndani, ili mwanga pekee anaouona nzi uwe ule wa juu. Bomba na kipande cha wavu si gharama ya kumshinda mwenye nyumba anayepokea kodi ya vyumba ishirini.

Tumgeukie mbu, jamaa yake nzi. Hapa makosa yetu ni ya kuwachukulia mbu wote kuwa mamoja. Yule anayepiga kelele sikioni usiku mara nyingi ni Culex, anayezaa kwenye mitaro ya maji machafu. Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na huzaa kwenye mapipa, mitungi na magurudumu makuukuu yaliyojaa maji ya mvua. Huyo ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013, 2017 na 2021. Ukilala ndani ya chandarua usiku umefanya vyema, lakini Aedes amekwisha kukuuma ukiwa dukani. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kwa hivyo kumwaga maji pekee hakutoshi. Ni lazima kusugua kuta za pipa.

Wa tatu ni Anopheles, mbu wa malaria. Mkazi wa Nairobi amezoea kusema malaria ni ya Ziwa Victoria na Pwani. Asijisahau. Kuna mbu wa jamii hiyo aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia Kusini na nchi za Ghuba, ambaye hustawi mijini na hupenda kuzaa kwenye matangi na mapipa ya maji. Alionekana Djibouti mwaka wa 2012, wakati nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wa malaria 27 tu. Kufikia 2020 wagonjwa walizidi 73,000. Mwishoni mwa 2022 mbu huyo alipatikana hapa kwetu, katika kaunti ya Marsabit. Sasa tazama juu ya paa za mitaa yetu, ambako maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Ni matangi mangapi yasiyo na vifuniko? Mbu naye huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka. Pipa linalosuguliwa kila wiki halitoi mbu.

Kuna atakayeniuliza: je, kumwua nzi mkubwa hakufai kamwe? Kunafai, lakini inategemea ni nzi gani. Mtazame mbung'o. Jike lake halitagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha kwa aina ya maziwa, na humzaa akiwa amekomaa, mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10. Mdudu anayezaa polepole hivyo akiuliwa mkubwa wake, ukoo unaporomoka. Kwa hivyo, miaka ya 1980, watafiti wa kituo cha ICIPE wakishirikiana na Wamaasai wa Nguruman, kaunti ya Kajiado, walitengeneza mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, rangi ambazo mbung'o huzifuata, wakaitilia chambo cha mkojo wa ng'ombe. Mbung'o walipungua sana. Kisiwani Unguja walitokomezwa kabisa kufikia 1997, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi kuachiliwa kwa wingi. Kenya nayo ilipata mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa humu nchini mwaka wa 2009, na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tishio tena kwa afya ya umma hapa kwetu.

Mbung'o ameshindwa kwa sababu wataalamu walisoma tabia zake kwanza. Nzi wa nyumbani, aliye mbele ya macho yetu kila siku, hatujampa heshima hiyo.

Wala sisemi dawa ya kupuliza haina kazi yoyote. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Pakistan na kuchapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba kupuliza dawa dhidi ya nzi kulipunguza kuhara kwa watoto kwa asilimia 23. Lakini angalia vizuri: pale kilipuliziwa kijiji kizima, chini ya wataalamu, katika msimu wa nzi. Mkebe mmoja ndani ya chumba kimoja, watoto wakirudi kulala humo kabla moshi haujatulia, ni jambo jingine kabisa.

Wala si kila nzi ni adui. Yuko nzi askari mweusi, ambaye mabuu yake hula taka za jikoni na kugeuka chakula cha kuku na samaki. Wafugaji kadhaa nchini wanamfuga. Vita vyetu si na mabawa mawili, ni na uchafu unaoyabeba.

Basi nini kifanyike? Serikali za kaunti zizoe taka za mitaani angalau mara mbili kwa wiki, Eastleigh kama Lavington, na ratiba ibandikwe mahali wapangaji wanapoweza kuisoma. Maafisa wa afya ya umma wakague majaa na matangi, wasingoje kipindupindu kilipuke ndipo waonekane na vipaza sauti. Wenye nyumba watie bomba na wavu kwenye vyoo, na vifuniko kwenye matangi. Sisi wapangaji tufunike chakula, tufunge taka kwenye mfuko au ndoo yenye kifuniko, tuoshe mikono, na kila Jumamosi tusugue mapipa ya maji.

Nilimweleza jirani yangu hesabu ya siku saba. Hakucheka. Aliwaita wapangaji wenzake, wakachanga pesa ambazo kila mmoja angenunulia mkebe wa dawa, wakamlipa kijana mwenye mkokoteni azoe jaa Jumatano na Jumamosi. Nzi hawajaisha, lakini siku hizi watoto wake hula bila kupepea sahani. Swali langu kwa wanaokusanya ushuru wetu ni hili: kwa nini kazi hiyo ifanywe na mama huyo na mkokoteni wa kukodi?

Toleo la kurasa hizi litakuja tena wiki ijayo. Yai lililotagwa leo jaani pako litakuwa limefika wapi siku hiyo? Usipoziba ufa utajenga ukuta.