Mabeki nao wapewe haki yao

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu tabia yetu sisi wapenzi wa kandanda ya kuwasifu wafungaji wa magoli peke yao na kuwasahau mabeki, kana kwamba timu nzima ni mtu mmoja.

Mfano wangu unatoka mbali, lakini wasomaji wengi wanaofuatilia ligi ya Uingereza wanaufahamu nusu yake. Usiku wa Mei 26, 1999, mjini Barcelona, Manchester United iliifunga Bayern Munich 2-1 katika fainali ya klabu bingwa za Ulaya, magoli yote mawili yakipatikana katika dakika za nyongeza. La ushindi lilifungwa na Ole Gunnar Solskjær, mwana wa Norway. Jina hilo linatajwa hata na vijana ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa. Lakini hebu waulize vijana hao hao, Henning Berg ni nani? Watatazamana.

Berg naye ni Mnorway, na mwaka ule ule alikuwa beki wa Manchester United. Siku ya fainali hakuwamo uwanjani kwa sababu alikuwa ameumia. Hata hivyo, timu haifiki fainali kwa kuruka. Machi 3, 1999, katika robo fainali dhidi ya Inter Milan, ni yeye aliyeokoa mpira kwenye mstari wa goli. United ilishinda 2-0, na timu hizo ziliporudiana mjini Milan zikatoka sare 1-1. Wakati huo goli la ugenini lilikuwa na uzito wa pekee, kwa hiyo Inter wangelipata siku ile wangekwenda nyumbani na matumaini makubwa. Sisemi kuwa bila Berg United ingetolewa; hakuna awezaye kuapa hivyo. Ninalosema ni kwamba goli la Solskjær limeandikwa katika kumbukumbu za matokeo, lakini mpira ule uliookolewa na Berg hauna safu ya kuandikiwa.

Ndugu Mhariri, tukitazama historia ya mchezaji huyu tutaona jinsi dhuluma hii ilivyo kubwa. Mwezi Januari 1993 Blackburn Rovers ilimnunua kutoka klabu ya Lillestrøm ya kwao Norway kwa pauni 400,000. Katika msimu wa 1994-95 alicheza mechi 40 kati ya 42 za ligi. Blackburn ikatwaa ubingwa ambao ilikuwa haijauonja tangu mwaka 1914, ikiwa na pointi 89 dhidi ya 88 za Manchester United. Sifa zote zilimwendea Alan Shearer kwa magoli yake 34, naye alizistahili. Lakini tofauti ilikuwa pointi moja tu! Pointi moja hutafutwa mbele kwa kufunga, na hulindwa nyuma kwa kuokoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kazi ya beki ni kuziba ufa dakika zote 90.

Waliokuwa washindani wake waliliona hilo, kwani mwaka 1997 Manchester United ililipa pauni milioni 5 ili kumpata. Huko akawa bingwa tena mwaka 1999 na 2000. Hivyo mtu wa kwanza kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na klabu mbili tofauti hakuwa mfungaji mashuhuri, bali beki huyu. Baadaye mwaka 2000 alirudi Blackburn, ambayo wakati huo ilikuwa imeshuka daraja. Hakuona haya kucheza chini. Mwaka 2001 timu ikapanda, na Februari 24, 2002 yeye ndiye aliyekuwa nahodha ilipoifunga Tottenham Hotspur 2-1 katika fainali ya Kombe la Ligi. Timu yake ya taifa aliichezea mara 100.

Najua wapo watakaonipinga na kusema kuwa bila magoli hakuna ushindi. Nakubaliana nao, na ushahidi ninao kutoka Norway hiyo hiyo. Katika Kombe la Dunia la 1994 huko Marekani, Norway ilifungwa goli moja tu katika mechi tatu, lakini nayo ikafunga moja tu. Timu zote nne za kundi lake, yaani Mexico, Ireland, Italia na Norway, zilimaliza na pointi nne nne, na Norway ikarudi nyumbani ikiwa ya mwisho kwa uchache wa magoli. Kwa hiyo sidai kuwa beki ni bora kuliko mfungaji. Nadai kuwa wote ni wajenzi wa nyumba moja, na haifai aliyeezeka paa apewe shukrani huku aliyechimba msingi akisahauliwa.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Kila mwaka nawaona watoto wenye miguu ya nguvu na akili ya kusoma mchezo wakikataa kucheza nyuma. Si kwamba hawawezi. Wamekwisha jifunza kutoka kwetu wakubwa kwamba beki hukumbukwa siku anapokosea tu. Akiokoa mipira ishirini tunanyamaza. Ukimpita wa ishirini na moja tunamzomea.

Kwa hiyo natoa ushauri. Kwanza, waandaaji wa mashindano ya shule na ya kata, pamoja na zawadi ya mfungaji bora, watoe pia zawadi ya beki bora, na iwe yenye thamani sawa. Pili, watangazaji wa mpira redioni wamtaje kwa jina mchezaji aliyeokoa hatari, badala ya kusema tu kwamba mpira umeondoshwa. Tatu, sisi watazamaji tujifunze kumpigia makofi beki kabla hatujajifunza kumzomea.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji haki tu.

Mwalimu wa Michezo,
Songea.