Kamera kisogoni: Msanii, mwili wake na haki ya wengine

Mwishoni mwa mwaka 2010, Wafaa Bilal, msanii mzaliwa wa Iraq na mwalimu wa upigaji picha katika Chuo Kikuu cha New York, alipachikwa kamera nyuma ya kichwa. Kazi hiyo haikufanyika hospitalini. Madaktari walikataa, naye akaenda kwa watoboa miili mjini Los Angeles, ambako bamba la titaniamu liliingizwa chini ya ngozi ya kisogo chake. Kamera ilipiga picha moja kila dakika, na picha zikarushwa kwa intaneti hadi Mathaf, jumba la sanaa lililofunguliwa Doha, Qatar, Desemba mwaka huo.

Bilal aliikimbia Iraq mwaka 1991 na kuishi kambini Saudi Arabia kabla ya kuingia Marekani. Alitaka kunasa yale anayoyaacha nyuma bila kuyatazama. Ni hoja nzito: kwa mkimbizi, kisogo ndicho kinachouelekea mji wa nyumbani.

Hata hivyo, wanafunzi wake hawakuomba kupigwa picha. Chuo kilimtaka aifunike kamera awapo katika majengo yake, ili kulinda faragha yao. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mtu ana mamlaka juu ya ngozi yake mwenyewe, lakini mamlaka hayo hayafiki kwenye sura ya aliyeketi nyuma yake.

Jambo ni tofauti kwa Neil Harbisson, asiyeona rangi tangu kuzaliwa, ambaye antena yake hugeuza rangi kuwa sauti. Mwaka 2004 maofisa wa pasipoti wa Uingereza waliikataa picha yake kwa kuwa ilionyesha kifaa cha umeme. Alijitetea kuwa kifaa hicho ni sehemu ya mwili wake, nao wakaikubali. Yeye hakumchukulia mtu kitu.

Zaidi ya sheria, mwili nao hutoa hukumu. Stelarc wa Australia, aliyejengewa sikio katika mkono wa kushoto, alilazimika kuondolewa kipaza sauti baada ya kidonda kushambuliwa na vijidudu. Kwa Bilal, dawa hazikusaidia: Februari 2011 mwili ulikataa kimojawapo cha vishikizo vitatu vya kamera, kikang'olewa. Jumba la Doha lilibaki na picha. Maumivu yalibaki kwake. Alisema kwa muda huo angeifunga kamera shingoni.