Miwani maalumu ikichelewa au ikija na kasoro, nani abebe mzigo?

MWENYE kuhitaji miwani ya kawaida ya kusomea huipata dukani kwa dakika chache. Kwa yule anayehitaji lenzi za nguvu kubwa, au zile za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, safari huwa ndefu. Hupimwa, hulipa fedha yote au sehemu yake, kisha huambiwa asubiri.

Nchini Tanzania, lenzi za namna hiyo mara nyingi huagizwa kwa kila mteja, na aghalabu huchongwa nje ya nchi. Agizo hupitia kwa mpimaji, muuzaji, maabara, msafirishaji na fundi anayezikata lenzi ziingie katika fremu. Kosa likitokea, kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake, huku mteja akibaki na risiti mkononi.

Suala hili si dogo. Mwaka 2021, Baraza la Afya Duniani lilipitisha lengo la kuongeza kwa asilimia 40 ya wahitaji idadi ya wanaopata huduma yenye manufaa ya kurekebisha uoni ifikapo mwaka 2030. Neno lenye uzito hapo ni "manufaa". Miwani inahesabiwa tu iwapo aliyeivaa anaona vizuri. Iliyokuja na kasoro, hata kama imelipiwa, haimo katika hesabu hiyo.

Kasoro zenyewe si lazima zionekane kwa macho. Lenzi inaweza kuwa na nguvu sahihi kabisa, lakini kitovu chake kisikae mbele ya mboni. Lenzi ya diopta 8 ikikosea kwa milimita 5 tu, hupotosha mwanga kwa kiasi cha diopta 4 za prizima. Macho hulazimika kuvutana, na matokeo yake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, au kuona vitu viwiviwili.

Hapo ndipo mteja huambiwa: "Utazoea." Ni kweli kwamba baadhi ya lenzi, hasa za kuonea mbali na karibu, huhitaji siku kadhaa za kuzoea. Lakini hakuna anayepaswa kuzoea kosa. Njia ya kutenganisha mambo hayo mawili ni moja: kuipima upya miwani, nguvu yake na mahali kilipo kitovu, na kulinganisha na cheti cha vipimo.

Ucheleweshaji nao una madhara yake, na wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto aliyeondolewa mtoto wa jicho bila kuwekewa lenzi ndani ya jicho hutegemea miwani ya nguvu kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya maisha, ubongo hujifunza kuona kwa kupokea picha zilizo wazi. Jicho lisilopata picha hizo huweza kudumaa, na muda ukipita, hata miwani sahihi haitalirudishia uwezo wote. Kwa mtoto huyo, miezi ya kusubiri haifidiwi kwa punguzo la bei.

Sheria haipo kimya. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ahadi isiyo na tarehe itekelezwe ndani ya muda wa kuridhisha. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye vifungu vya kumlinda mlaji. Kwa hiyo, mteja aliyemlipa muuzaji hana sababu ya kutumwa kuitafuta maabara ya ng'ambo.

Hata hivyo, muuzaji naye ana hoja. Lenzi iliyochongwa kwa macho ya mtu mmoja haiwezi kuuzwa kwa mwingine. Aidha, huenda kosa limo katika cheti alicholeta mteja, au mteja amebadili fremu baada ya agizo kutumwa. Si haki kumbebesha muuzaji hasara isiyo yake.

Tatizo, basi, ni ushahidi. Maagizo mengi hufungwa kwa risiti yenye kiasi cha fedha tu. Kinachohitajika ni karatasi moja inayoonyesha vipimo, umbali kati ya mboni, aina ya lenzi na fremu, tarehe ya kukabidhiwa, na nani atagharimia lenzi mpya iwapo kuna kosa. Siku ya kukabidhiana, miwani ipimwe mbele ya mteja na matokeo yaandikwe hapo hapo.

Hilo halihitaji mitambo mipya wala bajeti ya Serikali. Mamlaka zinazosimamia wataalamu wa macho zinaweza kulifanya kuwa sharti, na mteja anaweza kulidai kabla ya kutoa fedha. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miwani, kinachopotea ni zaidi ya mali.